Biashara ya Ufunguo: Namna ya Kupata Wateja Wapya Katika Kazi ya Kutunza Mbwa na Paka



Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi sina kifua cha kubishana na wahenga. Lakini nyumbani kwetu nilikiona kizuri kikikaa mlangoni miezi mitatu mizima bila kujiuza hata kwa shilingi kumi. Ndiyo sababu mwalimu mlezi wa chama chetu aliponiambia nitayarishe somo kwa ajili ya jarida la mwaka huu, nilichagua jambo ambalo nimelionja kwa ulimi wangu mwenyewe, tamu yake na chungu yake: namna biashara ndogo ya mtaani, ya kutunza wanyama wa watu waliosafiri, inavyoweza kupata wateja wapya.

Nitaanza kwa kueleza kazi yenyewe. Kisha nitataja njia tano tulizojaribu, halafu tutazame lugha ya tangazo, na baadaye nitasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Mwishoni kuna msamiati na maswali ya kujipima. Karibu.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Sisi tunaishi Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Kama ilivyo katika miji mingine ya Kenya, wakazi wengi wa hapa wana nyumbani kwingine. Krismasi inapobisha hodi, nauli hupanda, stendi hujaa mizigo, na mitaa hubaki kimya kama shule siku ya kufunga. Watu wamekwenda kuwaona wazee mashambani. Lakini mbwa je? Makanga gani atakubali mbwa mkubwa apande matatu? Hata mwenye gari lake hawezi kumchukua, kwa maana mbwa ndiye mlinzi wa nyumba. Akiondoka naye, nani atabweka usiku?

Dadangu mkubwa alipomaliza kidato cha nne, alitamani sana kusomea afya ya mifugo. Pesa za chuo hazikuwapo. Badala ya kukaa akihesabu mabati ya dari, alianza kazi ya kwenda kwenye nyumba za watu waliosafiri, asubuhi na jioni, kuwalisha wanyama wao, kubadilisha maji, kuzoa kinyesi, kuangalia kama mnyama ni mzima, kisha kumpigia mwenyewe simu. Mimi ni msaidizi wake. Kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, naweza kufanya zamu ya jioni, na likizoni nafanya zote mbili.

Malipo yetu ni shilingi 200 kwa siku kwa mbwa mmoja, na shilingi 50 kwa kila mbwa wa ziada. Paka ni shilingi 150. Kuku na sungura ni bei ya kuelewana. Pesa huja kwa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa hapa kwetu mwaka 2007, kwa hivyo hata aliye mbali anaweza kulipa akiwa kijijini kwao.

Wanafunzi wenzangu wengine walinicheka waliposikia habari hii. Ati nimekuwa yaya wa mbwa! Lakini kazi ni kazi. Huko Marekani watu wa kazi hii wana hata shirika lao, Pet Sitters International, lililoanzishwa na mama mmoja aitwaye Patti Moran mwaka 1994. Tofauti ni kwamba wa kwetu hapa kwa kawaida si mbwa wa kulala kitandani. Ni mlinzi, na akikuona mara ya kwanza hataki salamu yako.

TUNAUZA NINI HASA?

Swali hili lilituchukua muda kulijibu, na bila kulijibu hakuna njia ya kupata wateja itakayofaa. Krismasi ya kwanza tulipata wateja 2 tu, wote majirani wa ploti yetu. Kila mmoja alisafiri siku 10. Hebu tupige hesabu:

Wateja 2 × siku 10 × shilingi 200 = shilingi 4,000.
Sabuni, dawa ya kuua viini na salio la simu = shilingi 700.
Iliyobaki = shilingi 3,300.

Kuanzia Januari hadi Machi hatukupata mteja hata mmoja. Tulibandika karatasi kwenye nguzo za stima, mvua ikazinyeshea, tukabandika nyingine. Watu walisoma wakaenda zao. Dada akafikiri pengine bei iko juu, akaishusha hadi shilingi 150. Kimya!

Siku moja mama mmoja anayefuga mbwa wawili alisimama mbele ya karatasi yetu. Nikamsogelea, nikamwamkia, nikamwuliza kama angependa tumsaidie Pasaka. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema, “Kijana, wewe unataka nikupe ufunguo wa geti langu na mimi sipo?” Akaenda.

Maneno yale nilimpelekea dada. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi hatuuzi chakula cha mbwa. Tunauza ufunguo.”

Naam, hapo ndipo penye kiini cha somo hili. Mtu anayekuachia mbwa wake amekuachia pia geti, ua na siri kwamba hayuko nyumbani. Haogopi kwamba mbwa atalala njaa siku moja. Anaogopa kurudi akute nyumba tupu. Kwa hivyo bei ya chini haimvuti. Pengine hata humtia wasiwasi zaidi. Njia zote nitakazozitaja hapa chini ni njia za kumfanya mtu asiyekujua akuamini kabla hajakupa ufunguo.

NJIA YA KWANZA: ANZA NA WANAOKUJUA

Kosa letu la mwanzo lilikuwa kuwarukia watu tusiowajua na kuwaacha wanaotujua. Mamangu yumo katika chama cha akina mama kumi na wanane. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mbwa wa kutunzwa, nasi tukadhani hawana faida kwetu. Kumbe mmoja wao hufua nguo katika nyumba tatu zenye mbwa! Dada alipoeleza kazi yake siku ya mkutano wa chama, mama huyo alikwenda kusema kule anakofanya kazi, “Watoto hawa nawajua tangu wakiwa na nepi.” Sentensi hiyo moja ilifanya kazi kuliko karatasi zetu zote za nguzoni.

Kwa hivyo, andika orodha ya watu ishirini wanaokujua vizuri: majirani, watu wa kanisani au msikitini, walimu wako, mwenye duka. Usiwaulize kama wana mbwa. Waulize kama wanamjua mtu mwenye mbwa na anayesafiri. Maswali haya mawili yanafanana lakini hayazai matunda sawa.

NJIA YA PILI: WAENDEE WANAOMWONA MTEJA KABLA YAKO

Kuna watu ambao kazi yao huwakutanisha na wenye mbwa kila wiki. Kwanza ni mwenye agroveti, anayeuza dawa za minyoo na chakula. Pili ni daktari wa mifugo. Tatu ni mwenye bucha, anayeuza mifupa na mabaki ya mbwa. Nne ni bawabu wa geti, anayejua nani ameingia na nani ametoka.

Usiende kwao mikono mitupu ukisema, “Nitafutieni wateja.” Dada alianza kununua mahitaji yake yote kwenye agroveti moja. Kila mara aliuliza swali: Dawa hii ya minyoo hupimwa kwa uzito au kwa umri? Kupe akining'inia sikioni atolewe vipi? Baada ya wiki kadhaa mwenye duka akamjua kuwa ni mtu wa kujifunza. Hapo ndipo alipoomba kuacha karatasi yake mezani, na mwenye duka akakubali.

Kuhusu bawabu kuna jambo la kuangalia. Wengine walitushauri tumpe “chai” kwa kila mteja anayetuletea. Dada alikataa. Mtu anayelipwa ili akusifu atamsifu yeyote atakayemlipa zaidi. Sisi tulimpa bawabu kitu kingine: heshima na habari. Tukifika tunamwamkia, tunamwambia saa ya kuingia, na tukitoka tunamwambia saa ya kutoka. Yeye akawa shahidi wetu. Mwenye nyumba anapopiga simu kuuliza, jibu analo mtu mwingine asiyekuwa sisi.

NJIA YA TATU: SIKU YA CHANJO

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Siku hiyo inalingana na tarehe aliyofariki mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur, mwaka 1895. Yeye na wenzake ndio waliotengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo, na mwaka 1885 ikatumiwa kumwokoa mtoto aliyeumwa na mbwa. Kenya nayo ilizindua mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyoletwa na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Siku kama hizo mara nyingi mbwa huchanjwa kwa wingi katika viwanja na masoko.

Msomaji, tafakari: ni wapi pengine utakapowakuta wenye mbwa hamsini wamepanga foleni? Mwaka jana chanjo ilipoletwa uwanja ulio karibu na kwetu, dada alijitolea kuandika majina kwenye daftari. Mimi nilisaidia kuwapanga watu ili mbwa wasikaribiane wakapigana. Hatukugawa karatasi hata moja. Watu walituona tukifanya kazi, wakauliza wenyewe. Wateja wawili walitoka foleni ile.

NJIA YA NNE: KUZOEANA BILA MALIPO

Mbwa mlinzi hajui kwamba umepatana bei na bwana wake. Kwa hivyo tunakwenda mara tatu kabla ya safari, bila malipo.

Siku ya kwanza mwenyewe yupo. Tunasimama upande, hatumkodolei mbwa macho, wala hatunyoshi mkono juu ya kichwa chake. Tunamwacha anuse. Siku ya pili tunaweka chakula sisi, mwenyewe akiwa kando. Siku ya tatu mwenyewe anakaa ndani ya nyumba, nasi tunafungua geti, tunalisha, tunafagia na kufunga, kama kwamba amekwisha safiri.

Tulidhani siku hizi tatu ni za mbwa. Baadaye tukang'amua kuwa ni za mwenye mbwa. Akiwa dirishani anatazama: Je, wamefunga geti vizuri? Wamechungulia madirisha? Wameosha bakuli au wamemwagia chakula kipya juu ya kilichochacha? Siku ya tatu ndiyo siku ambayo mteja huamua kimoyomoyo.

NJIA YA TANO: ONYESHA KWAMBA UNAIJUA KAZI

Mtu humwamini fundi anayeuliza maswali. Tuna karatasi yenye maswali haya, na mteja huyajibu kabla ya safari:

1. Mnyama anaitwaje, na ana umri gani?
2. Amechanjwa lini dhidi ya kichaa cha mbwa? Kadi iko wapi?
3. Anakula nini, kiasi gani, saa ngapi? Kitu gani hapaswi kula?
4. Ana dawa yoyote anayotumia?
5. Akiugua tumwite daktari gani, na gharama isizidi kiasi gani bila kukuuliza?
6. Simu yako ikikosa mtandao, tumpigie nani?
7. Nani mwingine ana ruhusa ya kuingia?

Swali la pili hatulirukii. Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Asiyechanjwa hatumchukui, hata mwenyewe akiongeza pesa. Kichaa cha mbwa kikianza kuonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Cha ajabu ni kwamba kukataa huku kumetuletea wateja. Mzee mmoja tulimkataa Aprili, akaenda kumchanja mbwa wake, akarudi na kadi mkononi akisema, “Sasa nimewajua nyinyi si watu wa kubahatisha.”

Aidha, hatudungi sindano wala kujifanya madaktari. Sheria ya mwaka 2011 inataka wanaotibu mifugo wawe wamesajiliwa. Kazi yetu ni kuona mapema na kuita anayejua. Tunajua pia mambo madogo ambayo huwafurahisha wateja: kwamba mbwa hapewi mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha, kwamba vitunguu na chokoleti humdhuru, kwamba ugonjwa wa kideri waweza kutoka kwa kuku wa nyumba moja hadi nyingine kupitia viatu vya mtu. Kwa hivyo wenye kuku hutuona tukisugua soli zetu kwa dawa getini. Hilo ni tangazo lisiloandikwa.

LUGHA YA TANGAZO

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, hebu tulinganishe matangazo yetu mawili. Hili ndilo la kwanza, lililonyeshewa na mvua:

TUNATUNZA WANYAMA! HUDUMA BORA KABISA! BEI POA KULIKO WOTE! PIGA SIMU SASA!

Na hili ndilo tulilo nalo sasa:

UNASAFIRI SIKUKUU? MBWA WAKO ATABAKI NA NANI?
Mtu na dadake, wakazi wa mtaa huu, watamlisha nyumbani kwako asubuhi na jioni.
Tunakuja kuzoeana mara tatu bila malipo kabla hujasafiri.
Mbwa awe na kadi ya chanjo.
Shilingi 200 kwa siku. Ulizia habari zetu kwenye agroveti hii.

Tangazo la kwanza lina alama nne za mshangao, wala halina habari hata moja. “Bora kabisa” ni maneno ambayo hata mvivu anaweza kuyaandika. La pili linaanza kwa swali ambalo msomaji amekwisha kujiuliza usiku. Linataja nani, wapi, mara ngapi na kiasi gani. Lina sharti, na sharti huonyesha kuwa mwenye kazi ana msimamo. Mwisho linamtaja shahidi. Kumbuka basi: sifa hazishawishi, habari hushawishi.

KOSA LANGU

Sasa nifike mahali pagumu. Mwezi wa Agosti tulikuwa na wateja 7. Yule mama aliyenitazama toka kichwani hadi miguuni alikuwa mmojawapo, baada ya kusikia habari zetu kwa mama wa chama. Tena alikuwa ametuletea jirani zake wawili. Yeye na jamaa yake walikwenda Mombasa harusini, wakatuachia mbwa wao, Simba na Popi.

Siku ya tatu Simba alikaa mbele ya geti amenyoosha masikio kama askari wa gwaride. Nikaona hapa pana picha ya kuleta wateja. Nikampiga picha kwa simu ya dada, nikaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp na kuandika: “Wenyewe wako Mombasa mpaka tarehe 20, sisi ndio tunaoshika boma!” Nyuma ya Simba nambari ya nyumba ilionekana wazi kabisa. Kufikia jioni watu 41 walikuwa wameiona, nami nikawa najipongeza.

Saa tatu usiku simu ikalia. Mama hakupaza sauti. Alisema tu, “Kijana, umewaambia wezi waje saa ngapi?”

Msomaji, sikuwa na jibu. Usiku huo huo ndugu yake alikuja kuchukua ufunguo. Dada alirudisha pesa zote, hata za siku tulizokwisha kufanya kazi. Wale jirani wawili nao wakatuaga. Wateja saba wakawa wanne kwa picha moja.

Nilitarajia dada anigombeze. Hakunigombeza. Alisema, “Kesho utakwenda kwa wale wanne waliobaki, uwaambie ulichofanya. Mimi sitakwenda nawe.” Nikamwambia, “Lakini hao hawajui lolote!” Akanijibu, “Ndiyo maana utakwenda.”

Nilikwenda nikitetemeka. Mmoja alisema afadhali atafute mtu mwingine. Wawili walinisikiliza, wakaniuliza nimejifunza nini. Wa nne, mzee aliyekuwa mwalimu na sasa amestaafu, ana paka mmoja mzee kama yeye. Aliniketisha, akanipa chai, akasema, “Ningesikia jambo hili kwa mtu mwingine, ningekufukuza. Nimelisikia kwako. Njoo Desemba.” Kabla ya Desemba alikuwa amewaambia rafiki zake wawili watupe kazi. Sijui aliwaambia nini, na nimeona haya kumwuliza.

Tangu hapo tuna kanuni. Kabla ya kutoa tangazo lolote, liwe la karatasi, la mdomo au la simu, tunajiuliza: “Mwizi akilisikia hili, atafaidika?” Ikiwa jibu ni ndiyo, tangazo hilo halitoki. Hatutaji mteja amesafiri wapi wala atarudi lini, hata kwa marafiki. Picha tunampelekea mwenye mnyama peke yake. Funguo haziandikwi jina. Dada amezifunga nyuzi za rangi, na maana ya kila rangi anaijua yeye na mimi tu. Mteja akirudi, tunamkabidhi ufunguo mkononi siku hiyo hiyo, hatumwachii mtu.

HESABU YA MWISHO

Krismasi iliyopita tulikuwa na wateja 8: watatu waliobaki, wawili wa siku ya chanjo, wawili wa mzee mwalimu na mmoja kutoka agroveti. Dada alichukua nyumba tano, mimi tatu, zote tukizifikia kwa miguu. Mapato yalikuwa shilingi 16,000 na gharama shilingi 2,900, tukabaki na shilingi 13,100. Dada aliweka shilingi 9,000 za chuo. Shilingi 2,500 zilimsaidia mama kwenye karo yangu. Zilizobaki, 1,600, tulinunulia viatu vyangu vya shule na salio la simu.

Pesa za chuo bado hazijatimia. Pia yule mama wa Simba na Popi hajarudi kwetu. Tukikutana stendi namwamkia, naye huitikia, basi. Sidhani atarudi, wala simlaumu. Mteja wa kwanza hupatikana kwa shida, na mteja aliyepotea huondoka na wengine.

Kwa hivyo, mwenzangu unayetaka kuanza biashara yoyote inayoingia katika nyumba za watu, iwe ya kutunza mbwa, kufua au kumwagilia maua, usianze kwa kutafuta watu wengi. Anza kwa kuwa mtu ambaye mmoja tu anaweza kumpa ufunguo akalala usingizi. Huyo mmoja ataongea.

Wasalaam.

MSAMIATI

Agroveti – duka la dawa na vyakula vya mifugo.
Bawabu – mlinzi wa mlango au geti.
Kideri – ugonjwa hatari wa kuku unaoambukiza upesi.
Kimoyomoyo – ndani kwa ndani, bila kusema.
-ng'amua – tambua jambo lililokuwa limefichika.
Kupe – mdudu anayefyonza damu ya mnyama.
Sharti – jambo ambalo lazima litimizwe kwanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kushusha bei hakukuleta wateja? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
2. Mwandishi anasema bawabu alikuwa shahidi. Shahidi wa nini, na kwa manufaa ya nani?
3. Taja habari nne zilizomo katika tangazo la pili ambazo hazimo katika la kwanza.
4. Wateja 3 wanasafiri siku 12 kila mmoja. Wawili wana mbwa mmoja mmoja, na wa tatu ana mbwa wawili. Kwa bei zilizotajwa, mapato yatakuwa kiasi gani? (Jibu: shilingi 7,800.)
5. Andika tangazo la biashara moja ya mtaani kwenu kwa maneno yasiyozidi hamsini. Usitumie neno “bora”.
6. Jadilini darasani: Je, dada alifanya vyema kumtuma nduguye kwa wateja ambao hawakujua kosa lake?

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu
Mwanachama, Chama cha Kiswahili